Askofu Mkuu Robert Lucey na Watu wa Mto Rio Grande

Muhula uliopita Mwalimu wa Kiswahili aliniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, nije niwe mwamuzi katika mjadala wa wanafunzi. Hoja ilikuwa kwamba viongozi wa Kanisa Katoliki huko Marekani wanafanya vema kuwatetea watu walioingia nchini humo bila ruhusa. Wasomaji mliokuwapo mtakumbuka jinsi ukumbi ulivyojaa hata wengine wakasimama madirishani. Upande wa kuunga mkono ulishinda, nami ndiye niliyewapa ushindi. Lakini kijana mmoja wa upande wa pili, mfupi, mwenye sauti ndogo, aliuliza swali ambalo halikupata jibu. Alitaka kujua ni nani amsemeaye kibarua maskini aliyekwisha kuwamo nchini, ambaye ujira wake hushuka kila ajapo mwingine aliye tayari kupokea pungufu. Watu walicheka, kengele ikalia, tukaenda kunywa chai.

Swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Nilikumbuka kwamba lilikwisha kuulizwa zamani, na aliyeliuliza hakuwa adui wa wageni wala mtu asiye na dini. Alikuwa Askofu Mkuu wa mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas, jina lake Robert Emmet Lucey. Nami nina deni kwa kijana yule, kwa hiyo nimeona niwaelezeni maisha ya mzee huyu, mema yake na makosa yake.

Lucey alizaliwa Los Angeles tarehe 16 Machi 1891. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Mei mwaka uo huo, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alitoa barua yake mashuhuri juu ya haki za wafanya kazi, ile iitwayo Rerum Novarum. Mtoto na barua walikuwa wa umri mmoja, na kwa kweli walitembea pamoja maisha yote. Baba yake alikuwa mtu wa reli, naye aliuawa na ajali kazini Robert angali mtoto. Mama akabaki na watoto wengi. Wanaomfahamu husema kwamba msiba huo ndio uliompa moyo wa kuwaangalia watu wa kazi za mikono kwa jicho la undugu.

Alisoma seminari, kisha akapelekwa Roma, akapewa upadre huko mwaka 1916. Aliporudi kwao alifanya kazi za mapadre wengine wote, ila mwaka 1921 askofu wake alimweka kuwa mkuu wa kazi za huruma za Kanisa mjini Los Angeles. Hapo aliona maskini kwa wingi: wajane, mayatima, na Wamexico waliokuja kujenga reli na kuchuma matunda. Alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau, kwamba kikapu cha chakula humshibisha mtu siku mbili tu, lakini ujira wa haki humshibisha mwaka mzima.

Mwaka 1934 akafanywa Askofu wa Amarillo, upande wa kaskazini wa Texas, na mwaka 1941 akapandishwa kuwa Askofu Mkuu wa San Antonio. Mji huo ulikuwa na Wamexico wengi sana, wengine wakiwa wenyeji wa hapo tangu kabla Texas haijawa sehemu ya Marekani. Wengi walikaa upande wa magharibi wa mji katika vibanda vya mbao, bila maji wala vyoo vya kufaa, na kifua kikuu kiliwamaliza. Lucey hakungoja. Aliamuru kwamba mjenzi yeyote atakayepewa kazi ya kujenga kanisa au shule katika jimbo lake lazima awalipe mafundi ujira uliokubaliwa na chama chao. Matajiri waliokuwa wakitoa fedha za kanisa hawakufurahi. Mwaka 1945 ilianzishwa Kamati ya Maaskofu kwa ajili ya watu wasemao Kihispania, makao yake yakiwa San Antonio, naye ndiye aliyekuwa nguzo yake. Tena mwaka 1954 alizifungulia shule zake zote za Kikatoliki watoto weusi na weupe wakae darasa moja, kabla Mahakama Kuu ya nchi haijatoa hukumu yake mwezi wa Mei mwaka huo.

Nimeyataja hayo upesi ili mjue mtu huyu alikuwa wa namna gani kabla sijafika penye jambo lenyewe, maana asiyejua hayo atamhukumu vibaya.

Mpaka wa Texas na Mexico ni mto Rio Grande. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, serikali za Marekani na Mexico zilipatana kwamba wanaume wa Mexico waje kwa mkataba kufanya kazi mashambani, kisha warudi kwao. Waliitwa bracero, neno la Kihispania lenye maana ya mtu afanyaye kazi kwa mikono yake. Mpango huo ulidumu hadi mwisho wa mwaka 1964, na mikataba kama milioni 4 na nusu ikaandikwa. Lakini pembeni mwa hao wa mkataba walikuja wengine wengi bila karatasi yoyote, wakivuka mto usiku, nguo zimefungwa kichwani. Wamarekani waliwaita kwa dharau watu wa migongo iliyolowa. Wenye mashamba ya pamba na mboga waliwapenda sana, kwa sababu mtu wa namna hiyo hawezi kulalamika. Akidai ujira wake, bwana shamba huwaita askari wa mpaka, na mtu huyo huchukuliwa kabla hajalipwa.

Hapa nisameheni niingize habari ya nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa mama alitoka Rwanda wakati wa njaa kubwa ya 1943 na 1944. Alivuka Kagera, akatembea kwa miguu hadi mashamba ya kahawa na pamba ya Buganda, na hakuwa na karatasi hata moja. Alilima kwa mtu mmoja miezi mingi kwa chakula na shuka. Mimi nisingezaliwa kama mtu angemzuia mtoni. Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza kwamba askofu mkuu mzima alitaka watu kama babu yangu wazuiwe, nilikifunga kitabu kwa hasira. Nilikifungua tena siku ya tatu.

Mwezi wa Juni 1950 Rais Truman aliunda Tume ya watu watano kuchunguza hali ya vibarua wahamao wa mashambani. Wanne walikuwa watu wa elimu na wa sheria. Wa tano alikuwa Lucey. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza watu mbele ya hadhara, na ilifika Brownsville na El Paso, pale pale penye mto. Walikuja wenye mashamba na mawakili wao, wakaja maofisa wa serikali, wakaja watu wa vyama vya wafanya kazi, wakaja mapadre.

Mambo waliyoyakuta yalikuwa ya kusikitisha. Katika bonde la chini la Rio Grande kibarua alilipwa senti 25 za dola kwa saa, pengine pungufu yake, na katika sehemu nyingine za nchi kazi kama hiyo ililipwa mara mbili au tatu. Wamexico waliokuwa raia wa Marekani, waliozaliwa Texas, hawakuweza kuishi kwa ujira huo. Basi kila mwaka walifunga mizigo yao, wakapandisha watoto kwenye malori, wakaenda Michigan na Ohio na Wisconsin kulima viazisukari na kuchuma matunda. Watoto hawakusoma. Hapa ndipo jibu la swali la kijana wetu lilipo: aliyeufukuza ujira wa maskini wa Texas alikuwa maskini wa Mexico, na wote wawili walibatizwa katika Kanisa moja, wakasali mbele ya sanamu moja ya Mama wa Guadalupe.

Tena Tume ilikuta jambo la ajabu. Serikali yenyewe ilikuwa ikiwakamata watu waliovuka mto, ikiwarudisha ng'ambo kwa dakika chache, ikiwapa karatasi, na kuwaingiza tena kama watu wa mkataba kwa mabwana wale wale. Walisema kwamba wanawaanika wakauke. Kati ya 1947 na 1949 walioanikwa hivyo walizidi 140,000, wengi zaidi kuliko walioletwa kwa njia ya haki. Basi mtu mwenye akili angefanya nini huko Mexico? Angevuka mto, maana huko ndiko karatasi zilikopatikana.

Tume ilimaliza kazi yake mwaka 1951. Ilishauri kwamba iwe kosa mbele ya sheria kumwajiri mtu aliyeingia bila ruhusa, na kwamba wasiletwe wageni zaidi mpaka wenyeji wapate kwanza kazi yenye ujira wa kufaa. Ilitaka pia nyumba bora na sheria ya ujira wa chini kwa watu wa mashamba. Lucey alitia sahihi yake hapo. Angalieni vizuri adhabu aliyoitaka ilielekezwa kwa nani. Ilielekezwa kwa bwana shamba. Katika mambo yote niliyoyasoma juu yake, lawama yake ya kwanza iliangukia wale wanaovuna jasho la mtu asiyeweza kudai, na wabunge waliowafuata kama mbwa wafuatavyo mkono wenye nyama.

Bunge likafanya nini? Kwanza, vita vya Korea vikiwa vimeanza, likaurefusha mpango wa bracero kwa sheria ya Julai 1951. Kisha mwaka 1952 likatunga sheria kwamba kumficha mtu aliyeingia bila ruhusa ni kosa kubwa, faini dola 2,000 na kifungo cha miaka hata mitano. Lakini ndani yake wakachomeka maneno machache, kwamba kumwajiri mtu huyo hakutahesabiwa kuwa ni kumficha. Maneno hayo yakaitwa sharti la Texas, nayo yakadumu hadi 1986. Kwa maneno mengine, padre akimpa mtu wa namna hiyo mahali pa kulala aweza kufungwa, na tajiri akimlimisha shamba lake kutwa hana hatia. Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi na sijaona hesabu iliyopotoka kama hiyo.

Mwaka 1954 serikali ikafanya msako mkubwa, ikajisifu kwamba imewaondoa zaidi ya watu milioni 1. Waliotaabika ni wenye mikono mitupu, wakapakiwa katika malori, treni na meli. Wenye mashamba hawakuguswa. Walipewa vibarua wa mkataba badala yake. Hilo halikuwa jambo ambalo Tume ya Lucey iliomba, lakini ni kweli vilevile kwamba wale waliosema mpaka ufungwe walipata kufungwa kwa mpaka, na wale waliosema ujira upande hawakupata kitu. Katika jambo hili ninamlaumu mzee, ingawa kidogo. Alipaswa kujua kwamba mwenye nguvu, akipewa ushauri wa mambo mawili, atachagua lile lisilomgharimu.

Wakati huo huo Kanisa lenyewe lilikuwa likisema kwa sauti mbili, na sauti zote mbili ni za kweli. Mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili alitoa barua juu ya watu wahamao, akiwalinganisha na Familia Takatifu iliyokimbilia Misri, na akafundisha kwamba familia yenye shida ina haki ya kutafuta maisha mahali pengine. Mwaka 1963 Yohane wa Ishirini na Tatu aliirudia haki hiyo katika barua yake juu ya amani. Na ile barua ya 1891 ilikuwa imekwisha fundisha haki ya mfanya kazi kupata ujira wa kumtunza yeye na watoto wake. Wakatoliki wa Texas waligombana juu ya hayo. Wengine walimwona Lucey kuwa mtu wa siasa aliyeacha altare akaingia shambani kwa watu. Wengine waliuliza ni mchungaji gani awapelekeaye askari kondoo wake. Lucey naye aliendelea kutaka mpango wa bracero ufutwe, akiwa pamoja na mapadre na maaskofu wengi, mpaka ukafutwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ya mwisho, ambayo ni ya uchungu. Mwezi wa Juni 1966 vibarua wa mashamba ya matikiti katika wilaya ya Starr, kando ya Rio Grande, waligoma wakitaka dola 1 na senti 25 kwa saa. Mabwana shamba wakaleta watu kutoka ng'ambo ya mto, wengi wakiwa na vibali vya kuingia, wakafanya kazi na jioni kurudi kwao. Mgomo ukadhoofika. Wagomaji wakaamua kutembea kwa miguu hadi Austin, mji mkuu wa Texas, safari ya wiki nyingi katika jua la Julai na Agosti. Walipofika San Antonio, Lucey, mzee wa miaka 75, aliwapokea na kuwasomea misa katika kanisa lake kuu la San Fernando, na aliwaunga mkono waziwazi. Natamani ningekuwapo siku ile.

Lakini wilaya ya Starr haikuwa katika jimbo lake. Ilikuwa chini ya Askofu wa Brownsville, naye hakupenda mapadre wa San Antonio waje kuongoza mgomo kwake. Lucey akawakataza wasiende tena bila ruhusa. Mwanzoni mwa 1967 wawili kati yao walikwenda, wakakamatwa na polisi pamoja na wagomaji. Hao ndio waliokuwa wamejifunza kwake kwamba haki ya mfanya kazi ni sehemu ya Injili. Lucey akawapeleka kwenye nyumba ya mafungo huko New Mexico, iliyokuwa ikijulikana kuwa mahali pa mapadre wenye matatizo. Watu wakasimama mbele ya ofisi yake na mabango, wale wale aliowatetea miaka 25.

Lucey alikuwa mkali kwa watu wake. Alidai utii kama askari adaivyo, na hakuzoea kuulizwa kwa nini. Tena alikuwa rafiki wa Rais Lyndon Johnson, na mwaka 1967 alikwenda Vietnam ya Kusini miongoni mwa watu waliotumwa kuangalia uchaguzi, wakati mapadre vijana walikuwa wakivichukia vita vile. Mwaka 1968 makumi ya mapadre wake walimwandikia Baba Mtakatifu wakiomba astaafu. Mwaka 1969 akastaafu. Mtu aliyefundisha nchi nzima kwamba kibarua ana haki ya kusema mbele ya bwana wake, hakuwaachia mapadre wake kusema mbele yake. Nimefikiri sana juu ya hilo, na sijui kama mimi mwenyewe, nikiwa na fimbo mkononi, ningefanya vizuri zaidi. Waulizeni niliowafundisha.

Alikufa mwezi wa Agosti 1977, umri wake miaka 86. Kabla ya hapo aliona jambo moja la kumfurahisha. Mwaka 1970 Padre Patricio Flores, aliyezaliwa katika familia ya vibarua wa mashamba ya Texas na kuchuma pamba utotoni, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa San Antonio, mtu wa kwanza wa asili ya Mexico kuwa askofu katika Marekani. Mwaka 1979 Flores akawa Askofu Mkuu hapo hapo, katika kiti alichokalia Lucey.

Na mwaka 1986 Bunge la Marekani lilitunga sheria mpya. Lilifuta lile sharti la Texas, likafanya kumwajiri mtu asiye na ruhusa kuwa kosa, kama Tume ilivyotaka miaka 35 nyuma. Na hapo hapo likawapa karatasi watu waliokwisha kuwamo nchini, nao walikuwa kama milioni 2 na laki 7. Maaskofu wa siku hizo waliipenda nusu ya pili kuliko nusu ya kwanza, kwa kuhofia kwamba mabwana watakataa kila mtu mwenye jina la Kihispania. Mwaka 2003 maaskofu wa Marekani na wa Mexico waliandika barua moja kwa pamoja, wakikubali kwamba nchi ina haki ya kuangalia mipaka yake, na kwamba mtu ana haki ya kuhama, na kwanza kabisa ana haki ya kupata riziki kwao asilazimike kuhama. Wakatoliki wa huko hawajaacha kugombana, na kila upande una padre wake na kifungu chake.

Mama yangu nilimsimulia habari hizi jikoni wiki iliyopita. Aliniuliza swali moja tu: kabla ya babu kufika pale shambani, nani alikuwa akililima? Sikuwa na la kumjibu. Akasema mwenye kulilima alikuwa mtu wa kijiji kile kile, na kwamba babu alimfahamu, maana mtu huyo hakumsalimu babu hata siku moja mpaka alipokufa.

Ushindi wa mjadala sitaubadilisha, kwa kuwa sheria za mjadala haziruhusu. Ila kwa idhini ya Mwalimu nimeongeza alama tano kwenye karatasi ya kijana yule mwenye sauti ndogo wa kidato cha tatu, na nimeomba apelekewe nakala ya kwanza ya gazeti hili.